Mshenga wa Kiwanda cha Sabuni

Lukumani wa Nyangwe alikuwa na hofu moja tu duniani, nayo ilikuwa kazi. Nyoka hakumtisha, radi haikumtisha, hata yule muuza samaki wa Kasongo ambaye wanaume wazima walimkwepa kwa kupita uchochoroni hakumtisha. Lakini ukimwonyesha jembe, kasia au gunia la kubeba, jasho lilimtoka kabla hajaligusa. Mjomba wake alipotaka kumfundisha kupiga kasia, alihama Nyangwe siku hiyohiyo kwa miguu, na safari ile ya kwenda Kasongo ndiyo kazi ngumu pekee ambayo mtu yeyote anaweza kuapa kwamba aliifanya.

Mjini aliishi kwa mdomo wake. Alikuwa na koti la kaki lenye mifuko minne, kofia ngumu ya jua aliyoachiwa na Mzungu mmoja aliyerudi kwao, na kalamu ya risasi ambayo haikuwa na risasi ndani. Mavazi hayo yalimtosha. Msimu mmoja wa kiangazi aliwatoza akina mama wa sokoni mhogo na ndizi kwa kukaa kwenye kivuli cha baraza la duka lisilokuwa lake, mpaka mwenye duka alipotoka siku moja kuuliza kwa nini wanamshukuru mtu mwingine.

Sasa ilikuwa enzi ya Wabelgiji, na Wabelgiji hawakupenda kumwona mwanamume mwenye afya amekaa. Polisi wa teritwari, yaani wilaya, mtu mrefu na mpole aliyeitwa Asani, alikuwa amekwisha kumsimamisha Lukumani njiani akamwambia bila ugomvi kwamba mvua zikianza kabla hajaonyesha kazi, atapelekwa kuponda mawe kwenye barabara ya Kabambare. Lukumani hakulala vizuri tangu hapo. Alihitaji mali ya haraka, akate karatasi ya biashara, awe mwenye duka, mtu ambaye hukaa kwa ruhusa ya Serikali.

Bahati ilimkuta nyuma ya jiko la Bwana Mkubwa wa Kasongo, Mbelgiji aliyetawala teritwari, alikozoea kwenda kula ukoko. Mpishi, Grégoire, alikuwa mtu wa kupenda kusimulia, na Lukumani alikuwa mtu wa kupenda kula, kwa hiyo walielewana. Siku hiyo Grégoire alisimulia kwamba kuna Mzungu wa kampuni ya sabuni atakayekuja mwezi ukiandama. Anazunguka Maniema ya kusini, Kasongo mpaka Kabambare na Wamaza, akitafuta mahali pa kujenga kiwanda. Wazungu walilizungumza mezani tangu supu hadi kahawa. Kiwanda, walisema, hakijengwi popote tu. Kinataka mawese ya kupikia sabuni yawe karibu, kinataka maji mengi, kinataka njia ya kusafirishia, kinataka watu wa kazi wasio ghali, na kinataka wanunuzi.

Lukumani akaacha kutafuna, jambo ambalo Grégoire hakuwahi kuliona.

"Na huyu muzungu," akauliza, "huku kwetu iko na mutu wake?"

"Hapana. Hajui mutu hata mumoja."

"Sasa iko naye," alisema Lukumani, akalamba vidole na kuvaa kofia.

Kwanza alikwenda kwa Hemedi bin Faradji, mwenye duka la vitambaa karibu na msikiti, mtu mnene wa kanzu nyeupe isiyojua vumbi. Hemedi alikuwa na kiwanja kitupu nyuma ya duka lake, na kwa miaka mingi kiwanja hicho kilikuwa kinamuumiza moyo, maana hapakuota kitu wala hapakukaa mtu. Aliposikia habari ya kiwanda, aliona mara moja wafanyakazi wakitoka huko wamelipwa, wakigeuka kona na kuingia dukani kwake kuwanunulia wake zao vitambaa. Akamkaribisha Lukumani kwenye mkeka na kuagiza chai.

Lukumani alimweleza kwa upole kwamba yeye ndiye mtu wa kampuni, aliyetumwa mbele kimyakimya.

"Kiwanda iko sawa na bibi-arusi, Bwana Hemedi," alisema. "Haikuji kwa kuitwa. Inaangalia: huyu mwanaume iko na mafuta? Iko na maji? Njia ya kwenda kwake iko muzuri? Kila muji inaitaka, na yenyewe ni moja. Inahitaji mushenga."

"Na mushenga haendi mikono mitupu," alisema Hemedi, ambaye alikuwa ameoza mabinti wengi na alijua mambo hayo.

"Umesema weye. Miye sikusema."

Siku chache baadaye wafanyabiashara wa mtaa ule walikuwa wamechanga mbuzi. Walikuwa mbuzi wazuri, wanono, wenye manyoya ya kung'aa, maana hakuna mwanamume anayetaka kuchumbia kwa mbuzi wa aibu. Ni haki tuseme kwamba Lukumani naye hakula bure. Aliwafundisha watu wa Kasongo jinsi ya kupendwa na kiwanda: siku Mzungu akija, kila nyumba itoe nje mitungi yake ya mawese, akina mama wapange vyungu vya maji kando ya barabara ili yaonekane ni mengi, na wanaume wote wasimame na kukunja mikono ya mashati, wapumue kwa nguvu.

Tatizo lilikuwa mbuzi wenyewe. Mbuzi wanalia, na Asani hakuwa kiziwi. Mtu asiye na kazi akionekana ghafla na zizi zima, maswali hayawezi kukosa. Basi Lukumani aliwapandisha kwenye lori lililokuwa likienda tupu upande wa Kabambare kuchukua pamba, akakaa mbele na dereva, akasafiri nao mpaka Wamaza, mahali pa wakulima ambako hakuna aliyemfahamu. Nia yake ilikuwa kuwaficha huko mpaka Mzungu apite, kisha awauze kwa utulivu na kuirudia Kasongo akiwa bwana.

Wamaza alipokelewa na mjane aliyeitwa Apolline. Alikuwa na michikichi mingi aliyoachiwa na mumewe, shamba la mpunga bondeni, na kijito safi kilichopita katikati ambamo wanawake wote wa kijiji waliloweka mihogo yao. Alikuwa mtu mfupi, mwenye sauti ya chini. Alimshika mgeni mkono kumsalimu, akaushikilia muda kidogo zaidi ya desturi, kisha akauachia na kumkaribisha chakula. Hakusema neno kuhusu mkono huo.

Lukumani, akiwa ameshiba kuku na sombe ya majani ya mhogo, alianza wimbo uleule wa bibi-arusi. Aliona nyuso zikikunjamana. Mzee mmoja aliacha kula kabisa.

"Kiwanda ya mawese?" aliuliza Apolline. "Hapa?"

Akamweleza kwa nini hawakitaki. Pamba ya Serikali ilikuwa tayari imekwisha kuwavunja mgongo. Kiwanda kikija, kila mwanamume atapangiwa mikungu ya chikichi ya kupeleka, asipofikisha anafungwa. Na kitajengwa wapi? Palepale bondeni penye maji. Mpunga utaondoka, mihogo haitakuwa na pa kulowekwa, na mashine itawatemea taka zake kwenye kijito. Alisema bila kupaza sauti, lakini wote waliokuwa pale waliona kwamba mama huyu anaogopa kweli.

Mtu wa kawaida hapo angeaibika na kuaga. Lukumani aliona mwanga. Aligundua kwamba kuna watu wa kulipa ili kiwanda kije, na kuna watu wa kulipa ili kisije, na kwamba kwa kuwa kiwanda ni kimoja tu, kikijengwa Kasongo wote wataridhika.

"Mama Apolline," alisema akishusha sauti, "juu ya nini unafikiri nimekuja mbele ya muzungu? Nimekuja kuwasaidia. Miye njo mutu wa kuikataza."

Kukataza, alieleza, kunahitaji mbuzi kama vile kuposa kunavyohitaji. Apolline alikubali kwa sharti. Mbuzi aliokuja nao, ambao alisema ni wa kampuni, watabaki kwenye zizi lake kama rehani, naye atawachukua wa Wamaza. Na siku Mzungu akija, Lukumani awepo, aseme mwenyewe mbele ya watu. Mzungu akiisha kwenda bila kiwanda, zizi litafunguliwa.

Lukumani hakuona njia ya kupinga. Akapewa mbuzi wa Wamaza, ambao kwa kweli walikuwa wembamba, mmoja akiwa na pembe moja tu na tabia mbaya, akarudi nao Kasongo kwa lori lililojaa pamba. Huko aliwakabidhi kwa Hemedi akimwambia ni mbuzi wa kampuni, wakae kiwanjani kwake, ili Mzungu akija akute mahali pamezoea mali ya kampuni. Hemedi aliona ni heshima kubwa. Yule mwenye pembe moja alikula pindo la kanzu yake siku ya kwanza, naye akacheka tu.

Wamaza nao walikuwa wamepewa mafunzo, ya kinyume. Wafiche mawese yote. Wanaume waingie porini. Michikichi iliyo kando ya njia ifungwe majani ya migomba ili ionekane migomba. Na zaidi ya yote, Mzungu asipewe kiti, asipewe maji, asipewe chakula, asitazamwe hata usoni. Hakuna mtu wa kiwanda anayeweza kujenga mahali alikonuniwa. Watu wa Wamaza waliyasikiliza hayo ya mwisho kwa masikitiko makubwa.

Mwezi ukaandama, Mzungu wa sabuni akaja. Alikuwa mtu wa makamo, mwekundu, mwenye tumbo na adabu nzuri, anayesema Kiswahili cha kuchechemea. Asani alipewa kumsindikiza.

Kasongo ilikuwa imependeza kama Idi. Mitungi ilisimama nje, vyungu vya maji vilifuata barabara mpaka upeo wa macho, wanaume walipumua. Mzungu alifurahi sana. Alikiona kiwanja cha Hemedi, akawatazama mbuzi kwa mshangao kidogo, akauliza ni kiasi gani kukinunua. Na hapo Hemedi, ambaye angekitoa bure, ambaye alikuwa ameomba usiku na mchana kukitoa bure, alisikia neno "kiasi gani" na damu ya baba yake na babu yake ikaamka. Hakuna Hemedi aliyewahi kutaja bei ya kweli mwanzoni. Bei hutajwa juu ili mnunuzi acheke, ashike kichwa, aondoke hatua mbili, arudi, wanywe chai. Alitaja bei ya kutisha, akakaa akingoja Mzungu acheke.

Mzungu hakucheka. Aliinama kwa heshima, akasema asante, akapanda lori. Hemedi alimwona akiondoka hatua mbili, akatabasamu na kuagiza chai. Chai ilipofika, vumbi la lori lilikuwa limetua.

Lukumani alikuwa ametangulia Wamaza, akijificha chini ya kofia. Mzungu alipofika, alikuta kijiji kimya. Aliitazama ile migomba mirefu ajabu, akakuna kichwa. Jua lilikuwa kali, alikuwa amesukuma lori kwenye tope la vivuko vya mito mara kadhaa akiwa pamoja na Asani na dereva, na viatu vyake vililia maji. Aliketi juu ya jiwe. Hakuna aliyemletea kiti. Wanawake walimchungulia kutoka milangoni, na kila mmoja alikuwa anaumia.

Tuwe wakweli: Wamaza wangeweza kuficha michikichi, wangeweza kuficha wanaume, lakini kumwona mgeni amekaa juani na njaa, hilo hawakujaliwa kuliweza. Mzee wa kwanza alitoka porini na kiti. Akafuata mwingine na maji. Kisha Apolline mwenyewe, akinung'unika kwa hasira dhidi ya mikono yake, alileta wali wa bondeni na kuku aliyepikwa kwa mawese mapya, mekundu, yenye harufu iliyojaza uwanja mzima. Wanaume waliokuwa wamejificha walitoka mmoja mmoja kuona kama mgeni anakula vizuri.

Mgeni alikula vizuri mno. Alipomaliza, aliyatazama mafuta kwenye vidole vyake, akawatazama watu wengi wenye nguvu waliomzunguka, akakitazama kijito. Upepo ulivuta jani moja la mgomba, likaanguka, na mchikichi ukaonekana umesimama pale na mikungu yake.

"Hapa," alisema Mzungu taratibu, "iko muzuri sana kwa kiwanda."

Apolline alikaa chini. Machozi yalimlenga, na hakuyaficha. Kwa chakula chake mwenyewe alikuwa ameuza shamba la mpunga na kijito cha wanawake wote. Kisha akamgeukia mtu wa koti la kaki, na macho ya kijiji kizima yakamgeukia pamoja naye.

"Mutu wa kampuni," alisema. "Sema sasa."

Lukumani alitazama zizi lililojaa mbuzi wanono wa Kasongo, akamtazama Asani, ambaye alikuwa amemtambua na sasa anatabasamu. Kiwanda kikijengwa hapa, Wamaza watadai mbuzi wao, Kasongo watadai wao, na mawe ya barabara yatamdai yeye. Ikabidi afanye jambo ambalo hakulizoea. Alivua kofia na kusema kweli.

Alisema kwamba mawese yako hapa, ni kweli, na maji yako. Lakini Bwana amefikaje? Ameshuka kusukuma lori mara ngapi, na mvua bado hazijaanza? Mvua zikianza, daraja la magogo linazama, na sabuni itakaa hapa miezi ikiwanukia mbuzi tu. Mapipa ya mawese yanaweza kungoja kiangazi, hayaozi upesi. Lakini mashine nzito zitapitaje? Makaa yatapitaje? Na nani atainunua sabuni hapa, ambapo kila mama anajipikia ya kwake kwa mawese na majivu? Mafuta yapelekwe kule Kindu, ambako reli inakutana na meli za mtoni. Huko kuna njia, na penye njia kuna wanunuzi.

"Mafuta inaweza kutembea, Bwana," alimaliza akihema. "Kiwanda haiwezi."

Mzungu alitazama matope kwenye suruali yake.

"Ni kweli," alisema. "Kindu. Naam, Kindu." Akasimama, akampa Lukumani mkono. "Wewe iko mutu ya akili. Natafuta mutu kama wewe. Unatumika kazi gani?"

Lukumani alifungua mdomo. Lakini aliyejibu alikuwa Apolline, kwa ile sauti yake ya chini.

"Hana kazi, Bwana. Hana hata moja. Nilimushika mukono siku ya kwanza, iko laini kupita wa mutoto muchanga."

"Hana kabisa," alikubali Asani. "Na mvua zinakaribia."

Mzungu alifurahi kupita kiasi. Karatasi ya mkataba wa miaka mitatu ilitolewa, na kidole gumba cha Lukumani kikapakwa wino na Asani mwenyewe, kwa uangalifu mkubwa. Alipandishwa nyuma ya lori. Wamaza wote walitoka kumpungia, na Apolline alimtupia kifurushi cha wali na kuku, maana safari ilikuwa ndefu na yeye hakuwa mama wa kumwacha mtu aondoke na njaa. Mbuzi wa Kasongo walilia kutoka zizini, mali ya nani hakuna aliyeuliza. Kasongo nako Hemedi alibaki na mbuzi wa Wamaza, na kiwanja chake kwa mara ya kwanza kikawa na faida.

Kiangazi cha pili kilipofika, lori la kampuni lilikuja Wamaza kuchukua mawese ambayo watu walitaka wenyewe kuyauza. Nyuma, akiwa anapakua mapipa matupu, alikuwamo mtu aliyekonda, mwenye mabega mapana. Apolline alimshika mkono kumsalimu, akaugeuza, akapapasa sugu za kiganja kimoja kisha cha pili.

"Sasa iko mukono," alisema kwa furaha ya kweli, akaenda kuteleka wali.

Lukumani alikula kimya, kama anavyokula mtu aliyefanya kazi. Alipomaliza alitazama huku na huku, akamsogelea karibu na kushusha sauti.

"Mama Apolline, kule Kindu nasikia kampuni inafikiria kujenga kiwanda ya pili. Fasi ya kuijenga bado hawajachagua. Lakini kwa mbuzi mumoja tu, hata ule wa pembe mo…"

Apolline alimwita dereva, akamwambia kwamba mtu wake ameshiba na bado kuna mapipa ya kupakia.